Jina la Ugonjwa Si Maelezo Yake

Maneno haya niliyasema Jumamosi mchana mbele ya wanafunzi wa uuguzi na utabibu hapa Tabora mjini, pamoja na wazazi waliokaribishwa. Wenzetu wengi wa Sikonge na Urambo walikwama kwa mvua, wakaniomba niyaweke yote hapa. Nimeyaandika kama yalivyotoka mdomoni, nikiacha tu pale nilipokohoa.

Mwadila!

Naona wa kutoka Dar mmenyamaza. Mtajifunza tu, miaka mitatu ni mingi.

Mkuu wa chuo, walimu wenzangu, wazazi, na ninyi wanangu mnaosoma: kabla ya hotuba nina kazi ya dakika mbili, naomba mnivumilie. Natoboa kidole changu. Hili hapa tone la damu, naliweka juu ya kioo. Naongeza tone la dawa hii, inaitwa sodiamu metabaisalfaiti, kazi yake ni kunyonya oksijeni. Nachanganya. Nafunika kwa kioo chembamba. Sasa natakiwa kuziba kingo zote ili hewa isipenye, na nta yangu nimeisahau nyumbani juu ya friji. Nani ana rangi ya kucha? Msione aibu, maabara zote tunaitumia. Asante binti yangu. Nyekundu kabisa.

Haya. Kioo hiki kinakaa hapa mezani, kando ya hadubini. Asikiguse mtu. Tutakirudia.

Mimi nimefanya kazi ya maabara miaka 32. Kazi yangu ilikuwa kutoa majina. Damu inakuja, naangalia, naandika jina, daktari anasoma jina, mgonjwa anaondoka na jina lake na vidonge kwenye mfuko wa nailoni. Siku hizi majina yamekuwa mawili tu, kila mtu ana UTI na taifodi. Mnacheka, lakini mnajua ninachosema. Leo sikuja kuwasema wanaokosea majina. Nimekuja kusema kwamba hata jina likiwa sahihi, kazi bado haijafanyika. Jina la ugonjwa si maelezo yake. Nasema tena, wa nyuma wasikie: jina la ugonjwa si maelezo yake.

Nalijua hili kabla ya kulisomea. Kwetu tulizaliwa saba. Aliyenifuata mimi ziwa moja alikuwa mtoto wa maumivu. Mikono ilimvimba akiwa bado hajaanza kutembea. Usiku wa mwezi wa sita na wa saba, ule wa baridi yetu ya Tabora mnayoijua, alikuwa analia mpaka sauti inakauka, na mama anamkanda magoti kwa kitambaa cha maji ya moto. Kwanza tuliambiwa baridi yabisi. Kisha majirani wakasema mtoto kachezewa, na baba akatumia mbuzi wawili kulishughulikia hilo. Mwishowe, akiwa na miaka sita, hospitali moja kubwa ilimpima ikapata jibu sahihi, ikaandika kwenye kadi: seli mundu. Mama akaifunga kadi kwenye khanga, akarudi nayo nyumbani. Alikuwa na jina.

Mdogo wangu alikuwa akikojoa kitandani. Kila usiku, tena mkojo mwingi, mweupe kama maji. Nililala naye kitanda kimoja, siongei habari za kuambiwa. Mama alifanya kile ambacho mama yeyote hapa angefanya: jua likishazama, hakuna maji. Kikombe kilihamishwa juu ya kabati. Mtoto akiomba anaambiwa asubuhi, mwanangu, asubuhi. Na asubuhi ilikuwa ikifika akiwa anatetemeka kwa maumivu.

Tulipomzika alikuwa na miaka tisa.

Nilipoingia chuo, mwaka wa pili, mwalimu alifundisha figo za mgonjwa wa seli mundu. Alisema hivi. Katikati ya figo ni mahali penye oksijeni kidogo na chumvi nyingi, na hapo ndipo chembe nyekundu hupinda haraka zaidi na kuziba mishipa midogo. Figo linaumia mapema, utotoni kabisa, linapoteza uwezo wa kubana maji. Ndiyo maana mkojo ni mwingi na mweupe. Ndiyo maana mtoto anakojoa kitandani. Na kwa kuwa maji yanatoka hata asipokunywa, ukimnyima maji damu inakuwa nzito, chembe zinakauka, zinapinda kwa wingi zaidi. Dawa yake ni kumpa maji. Kitanda kilowe, mtoto anywe.

Niliweka kalamu chini. Sikuandika tena siku ile.

Kadi ilikuwa sahihi. Aliyempima alikuwa sahihi. Mama alikuwa na upendo kuliko mtu yeyote niliyewahi kumwona. Kilichokosekana ni sentensi tatu za jinsi ugonjwa unavyofanya kazi. Likizo ile nilikwenda nyumbani na zile sentensi kifuani, mama akanipokea kwa michembe na karanga, akaniuliza masomo yanaendaje. Nikasema yanaendelea vizuri. Sikumwambia. Amefariki bila kujua, na mpaka leo sijaamua kama nilimtendea wema au nilimwogopa.

Sasa mnaelewa kwa nini mzee wenu ana hasira na majina.

Hebu tuingie ndani ya ile chembe. Himoglobini ni protini inayobeba oksijeni. Imefumwa kwa minyororo minne, na kwenye minyororo miwili kati ya hiyo, nafasi ya 6, panatakiwa kukaa kitu kiitwacho glutamiki. Kwa mwenye seli mundu pamekaa valini. Kosa ni hilo tu, herufi moja ya vinasaba imebadilishwa. Glutamiki inapenda maji. Valini inayakimbia, kama tone la mafuta ya karanga juu ya mchuzi. Himoglobini ikishaachia oksijeni hujigeuza kidogo, na ikijigeuza hufungua kishimo ubavuni. Tone la mafuta la jirani linateleza na kuingia kwenye kishimo kile. Ya kwanza inaishika ya pili, ya pili inaishika ya tatu, mpaka ndani ya chembe kunakuwa na kamba ndefu, ngumu. Chembe iliyokuwa inapenya popote kama samaki inakuwa kipande cha kijiti. Chembe nzima huishi siku kama 120. Hii huishi 10, ikibahatika 20.

Kulijua hili kulichukua muda gani? Mwaka 1910 daktari James Herrick wa Chicago aliandika kwamba ameona chembe zenye umbo la mundu kwenye damu ya kijana aliyetoka Grenada kusomea udaktari wa meno. Aliona umbo, hakujua sababu. Mwaka 1949 Linus Pauling na wenzake wakaonyesha kwamba tatizo limo kwenye himoglobini yenyewe. Mwaka 1956 Vernon Ingram, kule Cambridge, akaonyesha ni kipande kile kimoja kidogo. Miaka 46 kutoka kwenye umbo mpaka kwenye kosa. Msiwe na haraka na utafiti, lakini msikubali usimame.

Na angalieni swali dogo linavyozaa. Mwaka 1948 daktari wa watoto, Janet Watson, alijiuliza kwa nini vichanga wenye ugonjwa huu hawaumwi miezi ya mwanzo. Akasema huenda himoglobini ya tumboni, ile anayozaliwa nayo mtoto, ndiyo inamkinga mpaka itakapoisha. Ni swali ambalo muuguzi yeyote wa kliniki ya watoto angeweza kuuliza. Kutokana na swali hilo leo tuna haidroksiurea, kidonge kinachouamsha mwili utengeneze tena himoglobini ya utotoni. Kwenye majaribio ya watu wazima Marekani kilipunguza vipindi vya maumivu karibu nusu. Mwaka 2023 Uingereza na Marekani ziliidhinisha tiba inayokwenda kwenye vinasaba vya mgonjwa na kukata swichi inayozima himoglobini ile. Bei yake Marekani ni dola milioni 2.2 kwa mtu mmoja. Ndiyo, mama, milioni mbili za dola. Nchi yetu inakadiriwa kupata watoto 11,000 kila mwaka wanaozaliwa na seli mundu, kwa hiyo fanyeni hesabu wenyewe, mimi nimeshindwa. Lakini maji ni bure. Na kueleza ni bure.

Kuna anayetaka kuuliza: kosa baya namna hii, kwa nini limejaa kwetu? Mwaka 1954 Anthony Allison, Mzungu aliyekulia Kenya, alichapisha jibu. Alipima watu Afrika Mashariki, akaona kwamba kwenye malaria nyingi, wenye nusu ya kosa, tunaowaita AS, ni wengi. Milimani kwenye baridi hawapatikani kwa wingi. Nusu inakinga. Aliyerithi pande zote mbili anaumwa, aliyerithi upande mmoja malaria kali inamkosa. Ninyi mnaishi ndani ya hiyo hesabu. Utafiti wa kitaifa wa 2022 uliwapima malaria watoto wa chini ya miaka 5, na Tabora ilitoka ya kwanza nchini, karibu watoto 23 katika kila 100, wakati taifa zima ni 8. Mdogo wangu alilipa deni la ukoo mzima uliookoka malaria kabla yake.

Nimetaja Allison, na nina neno naye, ila nitalitunza kidogo.

Twende Kigoma. Mei 2015 wakimbizi kutoka Burundi walikuwa wamejazana Kagunga, kijiji kilichobanwa kati ya mlima na ziwa. Kipindupindu kikaingia. Maelfu waliugua. MV Liemba, meli ile ya enzi za Wajerumani, ilikuwa inasimama majini na watu wanapelekwa kwake kwa boti, kisha inawaleta Kigoma mjini, wanapokelewa kwenye uwanja wa mpira wa Lake Tanganyika. Mimi nilikwenda kusaidia upande wa maabara. Kusema kweli maabara haikuwa na kazi kubwa. Kipindupindu kikishathibitishwa, kazi ni ya wenye ndoo na vikombe.

Nilimwona mama mmoja amekaa chini, mtoto mapajani, kikombe cha ORS, yale maji yenye chumvi na sukari, kimewekwa pembeni na nzi wamekizunguka. Muuguzi akamuuliza kwa nini hampi mtoto. Yule muuguzi ni wa Kasulu, Kiha chake na Kirundi cha yule mama vinaelewana kama ndugu wa tumbo moja. Mama akajibu: nimempa vikombe vitatu, bado anaharisha, dawa yenu haifanyi kazi.

Jamani, yule mama hakuwa mjinga. Aliambiwa ni dawa ya kuharisha. Kaitumia, kuharisha hakujakoma. Angehitimisha nini kingine?

Muuguzi hakumgombeza. Alichuchumaa, akachora mchangani kwa kijiti. Alichora utumbo kama nyumba ndefu yenye milango. Akamwambia, kama alivyonitafsiria baadaye: mdudu ameuharibu mlango huu, umebaki wazi, chumvi inatoka na maji yanaifuata. Mlango huu hatuwezi kuufunga leo, utajifunga wenyewe baada ya siku kadhaa. Lakini kuna mlango mwingine huku, mdudu hakuugusa. Mlango huu haufunguki kwa chumvi peke yake wala sukari peke yake. Wakija wawili wameshikana mikono, unafunguka, na maji yanaingia nyuma yao. Kwa hiyo ataendelea kuharisha na wewe endelea kumpa. Tunajaza ndoo inayovuja, mpaka tundu lizibe.

Mama akachukua kikombe.

Ule mchoro wa mchangani, wanangu, umegharimu zaidi ya miaka 80. Robert Koch alimwona mdudu wa kipindupindu Misri na Calcutta mwaka 1883 na 1884, na akahisi kuna sumu. Sumu hiyo haikuonekana mpaka 1959, pale Sambhu Nath De, mtafiti wa Calcutta mwenye vifaa vichache, alipofunga vipande vya utumbo wa sungura na kuweka ndani yake maji alimokuzwa mdudu huyo, yaliyochujwa wadudu wote. Utumbo ukajaa vilevile. Kumbe mdudu mwenyewe haingii mwilini, anakaa juu ya utumbo na kumwaga sumu inayouacha ule mlango wa kwanza wazi. Mwaka 1960 Robert Crane akaeleza ule mlango wa sukari na chumvi, na yeye alikuwa anatafuta jinsi sukari inavyofyonzwa, habari za kipindupindu hazikuwa kichwani mwake. Mwaka 1971, kwenye kambi ya wakimbizi wa vita vya Bangladesh, dripu zikamwishia Dilip Mahalanabis. Akachanganya chumvi na sukari kwenye mapipa, akawapa ndugu wa wagonjwa wanyweshe wenyewe. Vifo vilivyokuwa karibu 30 katika 100 vikashuka chini ya 4. Kambi ya wakimbizi, tena. Nilikaa kwenye ule uwanja wa Kigoma nikiliwaza hilo.

De hakupata Nobel. Najua haihusiani, nimeona tu niseme.

Umeme umekatika? Sawa. Fungueni madirisha. Hadubini yangu ni ya kioo cha chini, inatumia jua, nilijua nakuja wapi.

Sasa turudi kwetu kabisa, kwenye ndorobo, yaani mbung'o, nzi anayeambukiza malale, ugonjwa wa usingizi. Wapo humu waliokulia kambi za asali? Nyoosheni. Naona. Basi hamhitaji kuelezwa ndorobo ni nani; anapenya shati, anapenya suruali, ukimpiga anaruka na kurudi palepale. Mwaka mmoja, sitasema upi, aliletwa mrina asali mtu mzima kutoka porini upande wa Ugalla. Homa inakuja, inaondoka, inakuja. Mahali alipokuwa ametibiwa alipewa dawa ya malaria mara tatu, bila kupimwa mara mbili kati ya hizo. Alipofika kwetu alikuwa anasinzia mchana katikati ya sentensi na usiku hapati usingizi.

Niliweka damu yake mbichi chini ya hadubini, haijakauka, haina rangi. Anayemwona mdudu wa malale mara ya kwanza hamwoni mdudu. Anaona chembe nyekundu zimetulia, halafu moja inasukumwa. Kisha ya jirani. Kama majani yanayotikisika wakati hakuna upepo. Unasubiri, na unapomtazamia kwenye nafasi kati ya chembe na chembe, anapita, mwembamba, anajinyonganyonga. Nilimwita kila mtu aliyekuwa kwenye jengo, na mfagizi pia.

Kwa nini homa inakuja na kuondoka? Mwaka 1910, Liverpool, Ross na Thomson walimhesabia mgonjwa mmoja wadudu wake kila siku, siku baada ya siku, wakachora: mlima, bonde, mlima, bonde. Sababu ilikuja kueleweka miaka ya 1970 na baada ya hapo. Mdudu huyu amevaa koti la protini, nakala kama milioni 10 za protini moja, zimebanana kama magunia ya tumbaku ghalani. Mwili unaitambua sura ya koti, unatengeneza kingamwili, unaua karibu wote. Karibu wote. Wachache walikuwa wameshabadilisha koti. Wanazaana, mwili unaanza upya, na wachache wanabadilisha tena. Kwenye vinasaba vyake kuna mapishi ya makoti karibu 2,000, ingawa mengi ni viraka anavyoviunga. Kila homa ya yule mzee ilikuwa koti jipya. Ndiyo maana hatuna chanjo ya malale, na kwa mtazamo wangu hatutaipata kwa njia ya kulikimbiza koti.

Lakini kuna jambo zuri zaidi. Ndorobo wengi wanabeba vimelea vinavyoua ng'ombe, na warina asali wanaumwa nao kila siku bila kuugua. Kwa nini ng'ombe afe na mchungaji abaki? Mwaka 1902 Laveran na Mesnil waliona kwamba majimaji ya damu ya binadamu yanawaua wadudu hawa. Swali likasubiri miaka 101. Mwaka 2003 watafiti wa Brussels wakaipata silaha: protini iitwayo APOL1. Mdudu anaimeza akidhani ni chakula, nayo ikifika ndani inatoboa matundu, maji yanamwingia, anavimba, anapasuka. Yule wa malale yetu ya Afrika Mashariki ana protini moja ya ziada inayoishika APOL1 na kuizima. Tofauti kati ya ugonjwa wa ng'ombe na msiba wa mtu ni hiyo protini moja.

Baadhi ya watu, hasa wenye asili ya Afrika Magharibi, wamerithi APOL1 iliyobadilika kidogo, na mojawapo ya mabadiliko hayo inakwepa kuzimwa. Mwaka 2010 ikagundulika kwamba aliyerithi mabadiliko hayo kutoka kwa wazazi wote wawili yuko kwenye hatari kubwa ya figo kufa. Mmeisikia hadithi hii muda si mrefu, sivyo? Upande mmoja ngao, pande mbili deni. Hivi sasa zinajaribiwa dawa za kuziba matundu ya protini hiyo kuokoa figo. Mtu anayeumwa figo Marekani anasubiri jibu lililoanzia kwenye swali la mbung'o.

Sasa neno langu na Allison, na si yeye peke yake.

Ukitoka hapa ukapita Nzega utafika Tinde, ile njia panda ya Shinyanga na Kahama ambapo mabasi yanasimama. Hapo Tinde, kuanzia 1934, Waingereza walikuza aina moja ya mdudu wa malale kwa miaka mingi, wakimpitisha kwa mbung'o kutoka kondoo hadi kondoo, wajue kama akikaa kwa wanyama muda mrefu atasahau kumwambukiza mtu. Swali zuri. Muhimu kabisa. Walilijibuje? Mara kwa mara waliwaacha mbung'o wale wamuume mtu, Mwafrika, aliyeandikwa kuwa wa kujitolea, wakamtazama kama ataugua. Waliugua, wakatibiwa kwa dawa za wakati ule. Na Allison? Kuonyesha kwamba AS inakinga, aliwaambukiza malaria watu wazima 30 wa kabila la Wajaluo, 15 wenye AS na 15 wasio nayo. Kwa wasio nayo malaria iliwashika 14. Kwa wenye AS, 2.

Mimi nafundisha matokeo hayo. Nimewafundisha leo. Ni ya kweli na yameokoa watu. Lakini nimetafuta majina ya wale 30 na ya wale wa Tinde, sijayaona kwenye karatasi zinazosomwa. Majina ya waliouliza tunayo. Walioumwa ni namba. Je, kuna aliyewachorea mchangani? Kuna aliyewaambia: mdudu huyu tunataka kujua hivi, kwa sababu hii, na wewe utapitia hili?

Basi siku mtakapoombwa kusaidia utafiti, na mtaombwa, maana watu wanakuja huku kwetu kwa malaria yetu na ndorobo wetu, msiwe wa kushika mrija wa damu tu. Someni ile fomu ya ridhaa mpaka mwisho. Muulizeni mtafiti swali lake ni lipi. Akishindwa kulieleza kwa Kiswahili, au kwa Kinyamwezi kwa bibi wa Kaliua, huenda hata yeye halijui vizuri. Na matokeo yakitoka muulizeni lini atarudi kumwambia yule bibi. Mimi nimesaidia tafiti nne. Aliyerudi ni mmoja.

Naona mkuu wa chuo anaangalia saa. Namaliza, mkuu.

Kile kioo. Damu ile ni yangu, na mimi ni AS. Nilirithi upande mmoja, mdogo wangu akarithi miwili; tulilala kitanda kimoja. Asubuhi kabla sijaja niliitazama damu yangu bila dawa yoyote: duara tupu, nzuri, kama za kwenye kitabu. Tangu nianze kuongea, chembe hizi zimekuwa zikinyang'anywa oksijeni chini ya rangi ya kucha.

Sogezeni meza dirishani. Pangeni mstari, wazazi pia. Wa kwanza aje mwenye rangi yake ya kucha. Njoo, binti. Geuza kioo cha chini mpaka mwanga ujae. Jicho moja. Skrubu ndogo, taratibu, usikibonyeze kioo.

Umepata? Usinitajie jina. Niambie unaona nini.